Huko Shuleni Wanamwita Mama Faida

Faida mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kanisani kuagwa na wenzako wa kwaya, na mabegi yako umeyaacha katikati ya chumba. Nimejikwaa nikipita kwenda jikoni, nikajikwaa tena nikirudi, na hapo nikalipiga teke lile la buluu, ambalo halina kosa lolote. Ukikuta alama ya kandambili ubavuni, ni yangu.

Nilitaka tuongee kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Umekulia saluni ukiusikia. Nikianza nitatania, nikimaliza kutania nitafoka, nawe utasema "Sawa, maman," kisha utakwenda kuoga. Kwa hiyo naandika, jua likiwa bado linaingia kwa upande wa uwanja wa mbio za farasi, na barua nitaitia kwenye mfuko wa koti lako jipya. Isome njiani, kabla taxi haijafika shuleni. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Ya mablanketi sikuandikii, wala ya soksi, wala ya kukausha nywele kabla ya kutoka nje. Mama mdogo wako ameshakutumia yote hayo kwa sauti, ujumbe mrefu, na nimeusikia wote maana uliusikiliza jikoni ukidhani nimelala. "Chérie, huku muhula wa baridi si muchezo, asubuhi majani yote inakuwa nyeupe." Chérie, mpenzi kwa Kifaransa! Mimi sijawahi kukuita chérie. Nilijaribu juzi, ukacheka, ukaniuliza kama naumwa.

Basi nianzie hapo hapo. Nina wivu, Faida. Namwonea wivu Riziki, mdogo wangu wa tumbo moja. Nalisema mapema nisije nikalizunguka mpaka karatasi ikaisha. Baba yako anasema hata nikifika mbinguni nitauliza kwanza nani amepewa chumba chenye dirisha. Alilisema tena jana kwa simu, akiwa njiani na lori, nikamwambia aangalie barabara.

Habari za mimi na Riziki unazijua nusu. Aliolewa kwetu Uvira, Kongo, akiwa bado mbichi, akakaa na mume, mtoto hakuja. Wakaenda hospitali, wakaenda kwenye maombi. Mawifi zake wakawa wanaingia jikoni kwake kumsemea maneno, na mwishowe mume akaleta mwanamke mwingine. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshafika huku Durban, wewe ukiwa wa kunyonya, na saluni ilinitaka kuanzia asubuhi hadi giza. Kwetu dada akizaa, mdogo wake huja kumshikia mtoto. Nikamwita. Akaja na sanduku dogo na kitenge cha marehemu mama yetu, na siku ile ile akakufunga mgongoni.

Mimi nilikuzaa na kukutafutia maziwa. Yeye alikulea. Nikirudi jioni nanuka mafuta ya nywele, nakunyooshea mikono, wewe unageuza uso unauficha shingoni mwake. Watu husema mtoto hana baya. Wewe ulikuwa nalo. Uliniumiza kila jioni, na ulikuwa na meno manne tu.

Ningeweza kushukuru. Badala yake nikaanza kushindana na mtu ambaye hakujua kuna mashindano. Ukilia usiku nilikimbia ili nimtangulie kufika. Akikuvalisha gauni la njano, mimi nilikuvua nikakuvalisha jekundu, bila sababu, kisha nikadai la njano lina doa. Riziki alifua yote mawili.

Ulipokaribia kuanza shule, mteja mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti changu namsuka, akaniambia kuna shule ndogo ya sekondari kule chini ya milima, inatafuta mwanamke wa kuwalea wasichana wa bweni. Msusi mwingine angeitikia tu na kuendelea na kazi. Mimi nilimsuka yule mama vizuri kuliko alivyoagiza, nikaomba namba ya simu ya hiyo shule, na jioni nikamsifia Riziki kazi ile mpaka akadhani naitaka mwenyewe.

"Yaya, na mutoto?" aliniuliza. Yaya ndiyo mimi, dada mkubwa, hajawahi kuniita vingine.

"Mtoto ana mama yake," nikamjibu.

Akaenda. Ulimtafuta chini ya kitanda, ukamtafuta nyuma ya pazia. Mimi nilifurahi, na nikaona aibu kwa kufurahi, na siku zile nilisuka watu kwa nguvu hata wakalalamika vichwa. Sasa ona Mungu naye ana utani. Shule niliyomtafutia ili akae mbali na wewe ndiyo hiyo hiyo unayokwenda kesho. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na miguu yote.

Na ulimwambia yeye kwanza. Hilo nalo liko, wacha nilitoe. Kwamba darasa lenu hapa mjini limejaa mpaka mwalimu hakujui jina, kwamba unataka shule ndogo ambayo kila mtu anamjua kila mtu, kwamba muhula wa baridi ukianza ungependa uanzie kule. Mimi nililetewa jambo likiwa limeiva. Ulinipikia wali, ukaniletea maji ya kunawa, ndipo ukasema, "Maman, mama mdogo anasema nafasi iko." Nikakubali papo hapo. Ulinikumbatia ukidhani ni ukarimu. Kilikuwa kiburi, mwanangu. Sikutaka Riziki asikie kwamba nimesita.

Halafu ikaja ile siku tuliyokwenda kuiona shule. Ulikuwepo, lakini ulikuwa nyuma, hukuniona uso. Riziki alitufuata tuliposhuka kwenye taxi, na mkawa mnatembea mmeshikana mikono kama wasichana wa rika moja, mimi nimetangulia na kikapu. Pale getini mlinzi, yule mzee wa kofia ya sufu, akainua mkono, akasalimu kwa Kizulu. "Sawubona, Mama kaFaida!"

Nami nikaitika. "Yebo!" Kwa sauti yangu yote ya saluni, na tabasamu juu. Nikajiambia, kumbe jina langu limefika mpaka milimani. Kisha nikaona macho yake yamenipita. Alikuwa anamsalimia Riziki. Akamuuliza kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, huyu mgeni ni nani.

Mgeni nilikuwa mimi. Mpishi naye akamwita vivyo hivyo, na yule mwalimu wa hesabu aliyetuonyesha madarasa. Mama Faida huku, Mama Faida kule. Riziki alikuwa anainamisha kichwa, na wewe ukaanza kuzungumza haraka haraka habari za maktaba, hata ukatuonyesha vitabu vya lugha usiyoijua.

Umezaliwa hapa, kwa hiyo huenda jambo hili hulisikii kwa uzito wake. Jina langu la ubatizo liko kwenye karatasi za ukimbizi, na anayeliita ni afisa peke yake, naye hulivunjavunja. Siku uliyozaliwa watu wa kwetu walianza kuniita Mama Faida, na lile la kwanza likalala. Mlangoni kwa saluni tumeandika kwa Kifaransa Chez Mama Faida. Mchungaji ananiita hivyo, Wazulu wa duka la chini wananiita hivyo, hata baba yako akiwa na hasira. Katika mji huu ambao kila kitu nimekipanga kwa mwenye nyumba au nimekiomba ofisini, jina hilo lilikuwa langu bila kuomba. Na nikamkuta mdogo wangu amelivaa, na limemkaa vizuri.

Kinachouma zaidi ni kwamba kwa desturi yetu hakukosea. Mama mdogo ni mama. Mwaka wake wa kwanza kule, mpishi alimuuliza kama ana mtoto, akajibu anaye, anaitwa Faida. Uvira hakuna ambaye angegeuza shingo kwa jibu hilo. Mimi ndiye niliyeamua siku ile kuwa mtu wa mahali pengine.

Jioni tuliporudi nikampigia.

"Riziki, ile jina uliitoa wapi?"

"Jina gani, Yaya?"

"Yangu."

Akacheka kidogo, akidhani natania. "Eish, Yaya! Faida ni mutoto wa sisi bote, unajua."

"Basi zaa wako," nikasema. "Zaa wako, ujiite vile unapenda."

Ulikuwa umesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Uliyasikia, ukarudi bafuni, ukafungua maji kwa muda mrefu. Ambacho hukujua ni kwamba yale ndiyo maneno mawifi zake walikuwa wakimsemea jikoni Uvira. Mimi nilijua. Alinisimulia mwenyewe, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, majuma ya kwanza alipofika Durban. Nilikuwa na matusi ya kila aina ya kuchagua, nikachagua lile. Hakulia. Alisema, "Sawa, Yaya. Ulale muzuri," akakata simu. Tangu hapo hajanipigia, nami sijampigia.

Watu husema wivu ni dalili ya mapenzi. Nimelisema hilo mwenyewe saluni, nimewachekesha wateja nalo. Siku hizi sina hakika. Jioni ile sikuwa nampenda mtu yeyote, hata wewe. Nilikuwa nataka kushinda tu.

Na usidhani utaponea. Una damu yangu. Katika shule ndogo kama hiyo utaona kila kitu cha kila mtu: nani kaletewa keki, nani baba yake amekuja na gari, nani mwalimu anamcheka kwa upole akikosea. Utaumia, na hakuna dawa ya kukuzuia usiumie. Nitakuambia tu yaliyonipata. Unamkumbuka Mama Bénie, yule aliyefungua saluni ng'ambo ya barabara, karibu na robot, zile taa za magari? Miezi ile yote nilikuwa nasuka macho yangu yako kwenye kioo, naangalia nani anaingia kwake. Siku moja nikamaliza kichwa cha bibi harusi mtarajiwa, nikamgeuzia kioo ajione, akapiga kelele. Upande wa kulia mistari ilikuwa myembamba, wa kushoto mipana, kama amesukwa na watu wawili wasiosalimiana. Nilifumua kichwa kizima huku akilia. Mama Bénie ndiye aliyevuka barabara kuja kunisaidia, tukasuka mimi huku yeye kule, na bado njiani kurudi nyumbani nilikuwa nasema mistari yangu ilinyooka zaidi. Kwa hiyo usingoje wivu uishe ndipo ufanye jambo zuri. Utangoja sana.

Sasa nikuambie kilichonikalisha hapa. Siku hizi simu ya Riziki ikiingia unashuka ngazi. Unasema unakwenda kutupa takataka. Faida, nyumba hii haina takataka nyingi hivyo. Juzi nilisimama juu, nikakusikia chini kule unacheka, kicheko kikubwa cha tumbo ambacho humu ndani sijakisikia tangu tulipotoka shuleni kule. Uliporudi ulikuwa umeshaukunja uso. "Nani huyo?" nikauliza. "Ni rafiki tu, maman. Hakuna kitu."

Umejifunza kunidanganya kwa kunihurumia, na mwalimu wako ni mimi. Hilo naliogopa kuliko baridi ya huko. Naogopa utakwenda ukampende yeye kwa kunong'ona, na mimi ukanipenda kwa kunitunza nisikasirike. Utachoka. Mtu akichoka namna hiyo huanza kuwakimbia wote, na ninawajua watu wazima, hata katika ukoo wetu, waliofanya hivyo, wanapiga simu Krismasi tu.

Nilipofika kwenye sentensi hiyo niliweka kalamu chini, nikampigia Riziki simu. Nakuandikia tulivyosema, maana nyie wawili mtaulizana.

"Allô?"

"Mama Faida," nikasema.

Nyuma yake nilisikia wasichana wanacheka na mtu anaburuta kitanda sakafuni.

"Yaya? Unatafuta nani?"

"Weye."

"Usinichekelee, Yaya. Niko na kazi mingi, batoto banafika leo na kesho."

"Sikuchekelei. Naomba musamaha. Ile neno nilikuambia haikukuwa neno ya kuambia mutu. Na weye hata kidogo."

Nikasikia mlango umefungwa na kelele za wasichana zikapungua. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Ile jina nilishaiacha, Yaya. Kesho yake tu, asubuhi. Nilibaambia bote, mulinzi, mupishi, balimu: musiniite vile tena, Faida iko na mama yake, iko Durban. Sasa banasema Miss Riziki. Banaanza kuzoea."

Nimeshinda, Faida. Jina limerudi kwangu lote, kule hakijabaki hata kipande. Nikajaribu kufurahi. Nilichokiona ni Riziki, asubuhi ya baridi, anatoka jikoni anakwenda getini, anatoka getini anakwenda kwa walimu, anawaambia watu mmoja mmoja kwamba hana mtoto.

Nikamwambia arudi akawaambie vingine. Akakataa. Anaona aibu. Watamwona mwehu, leo mama, kesho si mama, kesho kutwa mama tena. "Acha tu, Yaya," akasema. "Nimezoea." Nikamuuliza amezoea nini. Akaniuliza kama koti lako lina kofia.

Kwa hiyo kazi hiyo nakupa wewe, na sina nyingine ninayokutuma. Kesho taxi ikikushusha, atakuwa amekusubiri getini. Mbele za watu atakupokea kama anavyowapokea wengine, atakushika mkono, atakuita kwa jina na la ukoo. Mlinzi atakuwepo, na mpishi hukosi kumwona, dirisha lake linatazama geti. Wewe mwite Mama. Usiseme mama mdogo, usiseme Miss, usiseme kwa sauti ya kwenye ngazi. Mwite wote wasikie, kisha umkumbatie jinsi unavyotaka kumkumbatia. Hiyo aibu anayoiona yeye, wewe huna sababu ya kuiona. Ni mtoto tu anayemwita mama yake.

Utauliza kwa nini nisije kulisema mwenyewe. Nilikuambia nabaki kwa ajili ya saluni. Kesho ni Jumatatu, na Jumatatu saluni hulala, unajua, na ulinyamaza kwa kunihurumia, tena. Ukweli ni kwamba kuomba msamaha nimeweza, lakini kuangalia bado. Nikikuona umemrukia shingoni getini nitatafuta neno la kusema, na maneno ninayo. Nitakuja muhula ukiwa katikati. Mwambie anipikie.

Wivu wenyewe haujaisha, usije ukadhani barua hii imeuponya. Nitakupigia, nitakuuliza umekula nini. Niambie kweli. Kama ni kisamvu, sombe yake, sema ni sombe yake. Kama ilikuwa tamu kuliko yangu, sema. Nitakasirika. Pengine nitakata simu. Usilie, na usimwambie yeye. Ngoja hapo hapo, nitapiga tena.

Mama yako